Mashamba Yaliyoliwa

"Kwa hesabu ya fundi wetu, kumbukumbu ya kipokezi imejaa," Ndegwa alisema redioni. "Sasa kila kinapoandika kipya, kinafuta faili ya zamani zaidi. Kimbia."

Truphosa akaikaza pikipiki yake ya Boxer, ikanguruma kuteremka kuelekea Salgaa.

Jasusi mwenzake, Micah, alikuwa mikononi mwa walanguzi wa bunduki tangu jana. Ujumbe wake wa mwisho ulikuwa mfupi: kipokezi cha setilaiti, kile alichotumia akijifanya mpimaji wa ardhi, alikuwa amekificha juu ya lori lao la viazi, papo hapo kwenye ghala lao.

Hakikutuma ishara. Kiliandika tu lori lilikopita.

Ghala hilo, walikomshikilia, lilikuwa mwanzo wa safari hiyo. Likifutwa, Micah naye amefutika.

Salgaa, malori ya viazi vya Molo yalikuwa yamejipanga kando ya barabara. Lipi?

Truphosa alipita polepole akitazama magunia. Lumbesa, lumbesa, lumbesa: yote yamejazwa hadi kuvimba, nyavu zimeshonewa juu kubeba ziada.

Isipokuwa lori moja. Magunia yake yalikuwa bapa kama mito, uzito halali kabisa wa kisheria.

Mchuuzi gani wa Molo hufungasha hivyo?

Akaanza kupanda.

"Madam, hizo si za kuuza," dereva alimwambia.

"Kwani boss, ni za maonyesho?"

Mkono wa dereva ukaenda kiunoni. Ulichelewa. Glock ya Truphosa ilikuwa tayari mbavuni mwake, na pingu zikamfunga kwenye bampa.

Kipokezi kilikuwa kwenye gunia la juu kabisa, kikitazama anga, taa nyekundu ikipepesa. Truphosa alibonyeza kitufe cha kurekodi, akakishikilia.

Taa ikazimika; hakikuandika tena.

Akafungua orodha ya faili. Ya kwanza iliyobaki iliitwa Ghala.

Ilikuwa ndiyo inayofuata kufutwa.

Aliinakili kwenye simu, akamtumia Ndegwa. Mstari wa njia ya lori ulianzia nyuma ya machimbo ya mawe, upande wa Lanet.

Kisha akangoja juu ya viazi. Kikosi kilipovamia ghala, redio ilileta milio ya risasi. Ikanyamaza.

Ikanyamaza mno.

"Niaje, Truphosa." Sauti ilikuwa imekauka, lakini ilikuwa ya Micah.

Akaisogeza redio mdomoni. "Niko poa. Wewe je?"

"Nitapona. Yale mashamba ya wajane wa Molo?"

Makao makuu yalikuwa yamemwamuru Micah mara mbili afute vipimo vya mashamba hayo, alivyovichukua ili kujificha tu. Alikataa. Akina mama wale, alisema, walikuwa bado hawajaonyeshwa mipaka yao. Na vipimo hivyo ndivyo kipokezi kilivyovila kwanza, kimoja kimoja, kabla ya kuifikia faili ya ghala.

"Yameliwa yote," Truphosa alisema. "Ndiyo yaliyokuokoa."

Truphosa alikichukua kipokezi.

"Lala, ndugu yangu. Ninaenda kuyapima upya."

Polisi walipofika aliwarushia funguo za lori. Akafunga kipokezi mgongoni, kumbukumbu yake imenakiliwa yote na kufutwa, akavaa helmeti na kushika njia ya Molo.