Nyumba Nzuri Isiyo na Mlango wa Nyuma

Nina miaka hamsini na miwili. Ni mjane, na nyumba yangu hapa Bunia bado inasifiwa na kila apitaye barabarani. Nguzo kubwa mbele, vigae, madirisha mapana ya vioo... Wasomaji wenzangu, sifa hizo zimenichosha.

Mume wangu, Baba Rosine, alikuwa mnunuzi wa dhahabu kule Bambu. Tulipopata kiwanja kando ya barabara, tulikubaliana mambo ya kawaida tu: sebule, vyumba vya kulala, na mlango wa nyuma wa kutokea jikoni. Kwetu jiko liko uani. Mlango wa mbele ni wa wageni, wa nyuma ni wa mama na masufuria yake. Hata mwenye kibanda cha udongo anao.

Kisha akaziona nguzo za tajiri mmoja, na tangu siku hiyo hakutulia. Nguzo zikala saruji, vioo vikala fedha ya mbao, na tulipofika nyuma mfuko ulikuwa mtupu. Akamwambia fundi azibe nafasi ya mlango kwa matofali na udongo, saruji isipotee mahali pasipoonekana.

Nilimkatalia. Akacheka.

"Mama Rosine, watu banaangaliaka nyumba mbele. Mugongo yake, nani atakuya kuangalia?"

"Na miye nitapita wapi na sufuria ya sombe? Katikati ya wageni?"

"Utapita tu. Utazoea."

Nikazoea. Nilipita sebuleni na sombe yangu ya majani ya muhogo, masufuria meusi ya masizi, nikiwaomba wageni samahani. Mama Furaha, jirani yetu wa nyuma, alinitania kwamba nimejengewa chupa, kuingia na kutoka ni shingo ile ile. Tulicheka sana. Nani angejua?

Vita vikafika mjini. Asubuhi moja risasi zilianza karibu nasi, majirani wakatokea milango ya nyuma na kupotelea kwenye migomba. Sisi mlango wetu wa pekee ulitazama barabara, madirisha yote yalikuwa na nondo, na barabarani watu wenye silaha walikuwa wanakuja. Mnadhani wangetupita? Nyumba gani nyingine mtaani ilitangaza kwamba ndani mna dhahabu?

Baba Rosine akachukua mtaimbo, akaanza kupiga ukuta wa nyuma, pale palipozibwa. Watoto walilia bila sauti... Ghafla nikamsikia Mama Furaha upande wa nje. Alikuwa amekwisha kukimbia, akarudi kwa ajili yetu.

"Mupige chini! Huku chini ni udongo tu!"

Akawa anavuta matofali kwa mikono yake. Ubahili wa mume wangu ndio uliotuokoa, maana kwa saruji tusingefika popote. Watoto wakapita, kisha nami nikapita. Baba Rosine alikuwa mtu wa mwili, na mabega yake yalikwama. Huko mbele walikuwa wameanza kuupiga mlango kwa vitako vya bunduki.

Alijirudisha ndani, akainamisha uso kwenye lile tundu.

"Enda na batoto," akaniambia. Halafu polepole: "Ulisemaka."

Akaenda kuwafungulia, ili wasizunguke nyuma. Sikumwona tena akiwa hai.

Tuliporudi, vioo vyote vilikuwa vimevunjwa. Nguzo hazikuguswa hata moja, na nilizichukia kama mtu anavyomchukia mtu.

Ninyi mnaojenga, siwakatazi uzuri. Mimi pia napenda nyumba ipendeze, na mume wangu hakuwa mtu mbaya, alitaka tu tuheshimiwe. Lakini fedha ikiwa haba, nawasihi muanzie nyuma. Jengeni kwanza kwa ajili ya wanaolala ndani, wapita njia watasubiri.

Kabla ya kurudisha kioo chochote, niliweka mlango pale kwenye tundu, mbao za msitu wa Mambasa zisizo na rangi. Nilimwambia fundi aufanye mpana, utoshe mabega ya mwanamume mnene. Akaniuliza ni nani hapa nyumbani mwenye mwili huo.

Nikamwambia apime tu.