Uani kwa Bi Mwanasiti

Nyuki-picha walitoka kwenye sanduku kwa mkupuo mmoja, kila mmoja mdogo kama punje ya hindi. Wakaenea juu ya barabara za Ngamiani, mjini Tanga, wakipiga picha kuta za chokaa, mabati yenye kutu, milango ya nakshi na baraza zilizong'arishwa na makalio ya vizazi. Baada ya Idi yangekuja mabuldoza kuubomoa mtaa, kupisha minara ya makazi. Mtaa wenyewe ungehamia ndani ya Mwonamitaa, kofia nyepesi ambayo mtu angeivaa sebuleni kwake, akatembea Tanga ya zamani nyumba kwa nyumba, huku sauti ikimweleza nani alijenga, na kwa nini ukumbi ulipita katikati, vyumba vitatu huku na vitatu huku.

Mhandisi aliyewaongoza nyuki hao, Mwanaidi Shekue, alizaliwa mtaa huohuo, na nyumba ya wazazi wake aliisimamia mwenyewe. Nyuki walipita ukumbini bila taabu. Kwenye mlango wa nyuma wakamkuta mama yake, Bi Mwanasiti, ameziba njia.

"Hayo mainzi yako hayaingii uani kwangu."

"Mama, ni dakika mbili tu."

"Hata moja. Nguo zangu za ndani ziko kwenye kamba, zikatazamwe mpaka Arusha?" Akacheka, akasogea kando kidogo. "Ila wewe ingia, mwanangu. Njoo na futi yako, upime kwa mkono. Nimeepua mihogo sasa hivi."

Mwanaidi akatazama saa. Nyumba nyingi zilikuwa bado. "Usijali, Mama. Mtambo utajazia wenyewe."

Na kweli ulijazia. Pale ambapo nyuki hawakufika, akili ya kujazia ilichukua mfano wa jirani. Wanawake wa Ngamiani wote walifunga mlango wa nyuma, kwa kuwa uani si pa mgeni. Aliyefungua ni mfanyabiashara mmoja aliyeishi peke yake. Basi kisima chake, ukuta wake mweupe na mlimau wake vikawekwa nyuma ya kila nyumba.

Bi Mwanasiti alifariki mwaka wa pili wa kuishi mnarani. Tangu hapo mumewe, Mzee Shekue, alivaa kofia kila asubuhi baada ya chai. Mwili wa mzee ulikuwa ghorofani kwenye kiti. Mwenyewe alikuwa Ngamiani. Siku moja Mwanaidi alikuja kumtazama, akamsikia akiwasimulia wajukuu.

"Bibi yenu aliupenda sana huu mlimau. Chini yake ndipo alipochambulia mchele."

"Baba," Mwanaidi akasema, "sisi hatukuwa na mlimau."

"Nani kakwambia?"

"Ni mtambo uliokisia. Hata kisima si chetu."

Mzee akavua kofia. "Wewe ulikwenda shule ya bweni ungali mtoto. Leo unifundishe uani kwa mke wangu?"

Mwanaidi alimvalisha tena kofia na, akiiongoza kwa simu yake, akampitisha kwa majirani, uani hadi uani. Kila alipoingia, mlimau ni uleule, na tawi lake lililoinama ni lilelile. Katika nyumba ya nne Mzee akasimama.

"Futa," akasema.

Mwanaidi akafuta. Nyuma ya nyumba yao pakabaki kijivu kitupu.

"Sasa nieleze ua wetu ulivyokuwa, Baba. Nitaujenga upya."

"Jiko lilikuwa kushoto. Kulia kisima..."

"Kisima si chetu."

"Ndiyo, si chetu." Akafumba macho. "Mama yako alikuwa akikaa..."

"Wapi?"

"Namwona amekaa. Lakini kila nikimtazama, yuko chini ya mlimau."

Mwanaidi naye akajaribu kukumbuka. Alipata kamba, nguo zikipepea, jua kali. Nyuma ya nguo palikuwa na ukuta mweupe, na hakuwa na hakika ni wa nani.

"Rudisha," Mzee akasema.

"Mlimau ni wa uongo, Baba."

"Najua. Ila yeye nimeshamweka humo. Usipourudisha, nitampeleka wapi?"

Mwanaidi akaurudisha. Kisha akachukua kofia ya pili, akaivaa, akaketi kando ya baba yake. Majani yalitikisika kidogo, kivuli kikaanguka mahali pake hasa kwa saa ile. Ilikuwa kazi yake mwenyewe, na alitafuta kasoro asiione.