Lampe ya Nne

Kila siku baada ya shule, Soumaya alivua sare, akala alichowekewa na mama yake, kisha akavuka uchochoro kwenda kwenye karakana ya baba yake mdogo, Massoudi, fundi wa redio katika mtaa wa Buyenzi. Tangu bomu lilipuke sokoni, Massoudi hakusikia vizuri. Sauti nene alizipata, lakini mikwaruzo midogo ilimpita. Kwa hiyo Soumaya, msichana wa miaka kumi na miwili, ndiye aliyekuwa sikio lake.

Zamani kazi hiyo ilimfurahisha mno. Lakini mwaka huo wa 1996 kaka yake Rachid aliuawa kwa risasi akitoka shuleni, na tangu hapo Soumaya hakufurahi, hakulia, wala hakukasirika. Akiambiwa kaa, alikaa. Akiambiwa kula, alikula.

Siku moja ampli ya msikiti wa mtaa, mashine ya kukuza sauti, ililetwa kwa Massoudi. Ilikuwa ya kizamani, ya kutumia lampe, yaani vichupa vya kioo vinavyowaka kwa ndani na kuipa sauti nguvu. Sasa sauti ilikwaruza na kukatikakatika. Nyuma ya walioileta alikuja Nsimire, mkimbizi kutoka Uvira, ng’ambo ya mpaka. Katika kukimbia vita alikuwa amepotezana na mwanawe Cirimwami, wa miaka minne. Imamu alikubali jina la mtoto litangazwe alasiri hiyo, maana kesho yake malori yangewapeleka mbali na mji watoto wasio na wazazi.

“Lampe ndogo ziko ine,” Massoudi akamwambia Soumaya. “Nazani moja imezeeka. Gonga kila moja polepole na penseli, usikilize. Ile mubaya italia mu kipaza sauti. Lakini usiguse ndani, ule umeme unaua mutu!”

Kisha akatoka kwenda kutafuta waya. Kwa sababu ya vikwazo vya biashara vilivyowekwa na nchi jirani, vipuri havikuingia tena nchini. Alibaki na lampe ndogo moja tu ya akiba, aliyoifunga kwa pamba katika kopo la maziwa.

Soumaya akagonga ya kwanza. Kimya. Akagonga ya pili. Kimya. Halafu mkono ukasimama. Hakuwa amechoka, hakuwa na usingizi. Alikaa tu akitazama vichupa vikiwaka, hadi Massoudi aliporudi.

“Umegonga zote?”

“Zote. Ziko nzima.”

Uongo ulimtoka kirahisi, haukumwasha hata ulimi.

Massoudi akashusha pumzi. Kama lampe zilikuwa nzima, basi iliyoharibika ni transfoma, na transfoma ya namna ile ingetoka wapi? Akamgeukia Nsimire, aliyekuwa akisubiri barazani. “Mama Cirimwami, unisamehe. Hii mashini imekufa.”

Nsimire hakupiga ukelele. “Aya, muzee. Aksanti,” akasema, akajifunga kitenge chake, akasimama na uso mkavu. Soumaya aliujua uso ule. Aliuona kila asubuhi kwenye kioo cha nyumbani.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Ya Soumaya haikufika hata mlangoni. Kwa mara ya kwanza tangu mazishi ya Rachid, akaogopa.

“Baba mudogo, nilidanganya! Nilipiga mbili tu.”

Massoudi alimtazama kwa hasira. Angefoka, na nani angemlaumu? Lakini alasiri ilikuwa imekaribia. “Kamata penseli,” akasema.

Lampe ya tatu ilinyamaza. Ya nne ilipoguswa tu, kipaza sauti kikachachatika kama sambusa katika mafuta. Massoudi akazima umeme, akangoja lampe ipoe, akaichomoa kwa kitambaa, akachomeka ile ya akiba. Akawasha. Uzi wa ndani ukapata moto taratibu. Soumaya akagonga tena, akainamisha kichwa, akasikiliza kweli.

“Iko muzima,” akasema.

Baada ya swala, jina la Cirimwami likasikika mtaa mzima, safi, bila mkwaruzo. Kabla jua halijatua alifika karakanani, kama ilivyotangazwa, Geneviève, muuza mboga wa mtaa jirani wa Bwiza, amembeba mtoto mgongoni. “Nilimuokota ku barabara,” alisema. “Anajua jina yake tu.”

Nsimire alimpokea, akampapasa kichwa, mikono, miguu, kama anayehakikisha hakuna kilichopungua. Hakulia. Aliyelia ni Soumaya, kwa kwikwi, akiegemea meza.

“Wakati nilidanganya sikusikia kitu mu roho, baba mudogo,” alisema. “Tangu Rachid afe, sisikie kitu.”

Massoudi akamvuta karibu. “Kusema ‘sijapima’ si aibu, mutoto wangu. Sisi wote tunachoka. Lakini ukisema umepima na haukupima, unafungia mwenzako mulango wenye ulikuwa wazi. Na ile ya kukosa kusikia kitu tangu Rachid afe, ile pia ilikuwa ya kuniambia. Ningejuaje? Sikio yangu ni weye.”