Salamu Si Kipimo

Kling! Ilikuwa alfajiri, taa bado hazijawashwa, kikombe cha bati kikaanguka jikoni na kubiringika hadi mlangoni pangu.

"Nani huyo?" niliuliza.

"Panya," akajibu baba mkwe.

"Panya anakunywa maji kwa kikombe, baba?"

"Wa siku hizi wamestaarabika. Lala, mama."

Nikacheka, nikamfunika mwanangu, nikalala tena. Nyumba yetu ilikuwa na amani, ndugu zangu, na amani hiyo ndiyo iliyotuziba macho.

Baba mkwe ni kinyozi. Kabla ya alfajiri hiyo alikuwa ameteleza bafuni, akavunjika kifundo cha mkono wa kulia. Plasta ilipotolewa, mkono ulikuwa mkavu kama ukuni. Hospitali ikampangia mazoezi kwa daktari wa viungo, dada mmoja kijana mwenye heshima zake. Kila miadi alimwuliza hali yake, ajue zoezi lipi linasaidia na lipi libadilishwe. Mimi na mtoto tulikaa benchi la nje, mlango wazi, nasikia.

"Shikamoo baba. Mkono unaendeleaje?"

"Marahaba. Unaendelea vizuri."

"Maumivu je?"

"Hakuna neno."

"Na kushika vitu?"

"Salama kabisa, tunamshukuru Mungu."

Nyumbani nikimfunga vifungo vya shati, husema vifungo vya siku hizi vidogo mno. Nami nikaamini.

Siku moja yule dada akafurahi. "Baba, kwa majibu yako umepona. Mazoezi tunayafunga, wengine wanasubiri nafasi." Tukarudi nyumbani tunatembea kama watu watokao harusini.

Kesho yake akafungua kibanda. Mteja wa kwanza alikuwa rafiki yake, muuza mkaa. Nilikuwa nimepeleka chai, nikaona kwa macho yangu: mashine ilipofika juu ya sikio, kidole gumba kikagoma, mkono ukaporomoka.

"Wewe! Umenichimbia mtaro!"

"Tulia, ni mtindo."

"Mtindo wa nani? Nina mke mimi!"

Watu walicheka. Baba mkwe hakucheka. Aliketi kwenye kiti cha wateja, akanitazama kupitia kioo. "Mama, mkono huu ukibaki hivi, mimi si kinyozi tena."

Nikamrudisha hospitali siku hiyohiyo. Daktari wa viungo akashika kichwa. "Baba yangu, kila mara nilikuuliza, ukasema salama!"

"Mwanangu, uliniamkia, nikaitikia. Mtu akikuuliza habari, utamwanzia na vilio? Nimelelewa mimi."

Dada akacheka hadi akajifuta machozi. "Kumbe mimi napima, baba anaitikia salamu! Haya, tuanze upya. Hujambo, baba?"

"Sijambo."

"Salamu zimekwisha. Sasa kazi. Shati hili umefunga mwenyewe?"

Baba mkwe akanitazama. Nikatazama dari.

"Hapana," akasema taratibu. "Na kikombe kinanishinda. Nakunywa gizani wasinione."

Ndipo nikamfahamu panya wetu.

Mazoezi yakafunguliwa tena, yakabadilishwa: kukamua kitambaa, kuokota shanga, kuzungusha kifuniko. Kila miadi salamu kwanza, maswali baadaye, na majibu yakawa majibu kweli. "Vifungo vya chini vimenitii, cha shingoni kimenitukana." "Kuokota hakuumi, kukamua kunauma." Kwa maneno hayo dada alijua pa kuongeza na pa kupunguza, na mkono ukaanza kulainika. Muuza mkaa akatoa sharti: atanyolewa tena akishaona kichwa cha mwingine kimetoka salama.

FUNZO

Ndugu zangu, tabibu akikuuliza hali yako, hakuamkii. Maumivu hayaonekani kwa macho. Ulimi wako ndio mizani yake, na ukiipindisha, dawa nayo itapinda. Mficha uchi hazai, na mficha maumivu haponi. Nanyi mnaotibu, msiishie kwenye "unaendeleaje"; ulizeni kifungo, ulizeni kikombe. Adabu ni njema, ila ibaki mlangoni na viatu.

Ninapoandika haya, baba mkwe anamnyoa mwanangu barazani, na muuza mkaa ananyoosha shingo achungulie. Mashine inazimwa. Mtoto anajipapasa nyuma ya sikio, pale alipokwaruzwa mara ya mwisho, kisha anasema kwa sauti:

"Babu, leo hujaniumiza."