Kilomita 7,640

Saa 4:10 asubuhi, mgonjwa wa kitanda cha sita alikataa sindano ya maumivu.

"Ikinilaza, mke wangu atanikuta sijitambui," alimwambia nesi. Akamgeukia dada yake. "Umesema ndege imepaa?"

Dada mtu alikuwa anakunja shuka lililokwisha kunjwa. "Saa 3:40. Wifi yumo. Pumzika, kaka."

"Kilomita 7,640. Msimu huu upepo unaikabili. Saa tisa na dakika arobaini na mbili angani. Inatua saa 1:22 jioni, saa za hapa."

Kwa miaka kumi na tisa, kazi yake ilikuwa kukokotoa mafuta na muda wa safari za ndege. Ini lilikuwa limekwisha. Hesabu ilikuwa nzima.

"Na foleni ya magari?" nesi alimchokoza.

"Dakika arobaini. Ya pasipoti, thelathini. Saa 2:32 anaingia mlango ule."

"Ukikosea, nakuchoma mbili!"

Alicheka, kisha akauma mto.

Mkewe alikuwa ameondoka mwaka mmoja nyuma, baada ya yeye kumtukana mbele ya ndugu. Juzi, daktari aliposema zimebaki siku chache, alimkabidhi dada yake simu: "Mwambie aje. Nimwombe radhi kwa mdomo wangu." Simu ilibaki mkobani mwa dada.

Kutwa nzima alihesabu huku jasho likimtoka. Saa 9:00 alasiri alisema, "Amevuka nusu." Saa 1:22 jioni alisema, "Ametua."

Saa 2:32 mlango ulifunguliwa. Alikuwa mfagiaji.

Saa 2:50 aliazima simu ya nesi na kubonyeza namba aliyoijua kwa kichwa. Iliita mara mbili.

"Haloo?"

"Uko wapi?"

"Nyumbani. Ni wewe? Mbona sauti imekuwa hivyo?"

"Hukupanda ndege?"

"Ndege gani, mume wangu?"

Alimtazama dada yake.

"Alikuacha!" dada alifoka. "Nani anakuogesha? Nani anakulisha?"

"Wewe."

"Nilidhani utachomwa sindano, ulale, usiulize tena."

"Sikulala, dada. Nimehesabu kila dakika."

Simuni mkewe alikuwa amesikia yote. "Nakuja. Kesho, hiyo hiyo ya saa 3:40."

"Saa 1:22 ni mbali. Sitafika."

"Hesabu zako ziweke pembeni, mara moja tu maishani! Nisubiri."

"Basi nisamehe sasa hivi."

"Nitakusamehe uso kwa uso. Usinipunje."

Asubuhi iliyofuata ujumbe uliingia: *Nimefunga mkanda. Nakuja.* Dada alimsomea mara mbili. Nesi alileta sindano. Aliikataa tena.

Alifariki saa 8:15 mchana. Ndege ilikuwa imebakiza kilomita elfu nne na kidogo.

Dada aliandika, akafuta, akaandika tena:

*Wifi, kaka ametutoka saa 8:15. Alikataa sindano ili umkute macho. Ningekuambia siku ile aliyoniagiza, ungemkuta hai. Ni mimi.*

Simu ya wifi yake ilikuwa imezimwa, angani.

Saa 1:22 jioni ndege ilitua. Saa 1:27 ujumbe ulisomwa.