Simu ya Jumapili

Kazi ya Mama Fundi ilikuwa kushona. Kazi yake ya pili, isiyo na mshahara, ilikuwa kusubiri simu. Mguu ukikanyaga cherehani, jicho liko kwenye simu. Wateja walimtania: "Fundi, unanipima mimi au unapima simu?" Alicheka, akarudia kupima.

Alikuwa akimsubiri binti yake wa pekee. Binti alikwenda kupika kwenye kambi ya wajenzi wa barabara, mbali sana, na huu ulikuwa mwaka wa pili. Simu yake iliharibika, na kambini hakuna duka. Basi kila Jumapili jioni aliazima simu ya mtu: leo ya dereva, wiki ijayo ya fundi umeme. Kwa hiyo Mama Fundi alipokea kila namba asiyoijua, na neno lake la kwanza lilikuwa moja tu: "Mwanangu?"

Hapo ndipo alipojiponza. Namba yake iliandikwa mlangoni kwa rangi nyekundu, ili wateja waione. Siku moja akapiga mwanamume asiyemfahamu. Alisikia lile "Mwanangu?" akacheka, kisha akaanza maneno machafu. Mama Fundi alimgombeza. Kumbe kumgombeza ni kutia kuni motoni. Alipiga asubuhi, akapiga mchana. Halafu akazua uovu mpya. Aliigiza sauti nyembamba ya kike: "Mama, ni mimi." Mama akiitika tu, yeye anaangua kicheko.

"Zima hiyo simu," alisema mumewe. Yeye alikuwa fundi viatu, na alikaa kwenye kibaraza kile kile.

"Nizime, na mtoto akipiga?"

"Basi usizime."

"Na huyu mtu asiye na haya?"

 Mume alirudi kwenye soli yake.

Jumapili moja jioni simu ikalia. "Mama, ni mimi." Safari hii Mama Fundi hakungoja kicheko. Alimwaga matusi ambayo hata mumewe, kwa miaka yote ya ndoa, hakuwahi kuyasikia. Akakata simu. Akajiona ameshinda.

Jumapili iliyofuata, kimya. Iliyofuata tena, kimya. Mama Fundi alipungua. Alishona mkono wa kushoto wa shati upande wa kulia, akafumua, akaukosea tena. Alitamani kuisikia sauti ya mwanawe.

Ndipo akaja jirani yao na sketi ya kupunguza kiuno. Huyu alifanya kazi kwenye ofisi ya kampuni ya simu, na mtaa mzima ulimwita Dada wa Laini. Simu ikalia. Aliona jinsi Mama Fundi alivyoshtuka.

"Mama, nani anakutisha hivyo?"

Mama akamweleza yote. Dada wa Laini akavuta kiti.

"Kwanza, usimjibu. Hata kumtukana usimtukane. Mtu kama huyu anataka kusikia sauti yako tu. Pili, tuandike. Lete daftari lako la vipimo."

Walifungua orodha ya simu zilizoingia. Dada akasoma, mama akaandika namba, siku na saa.

"Hii imepiga mara ishirini na tatu. Hii mara kumi na moja. Zote ni zake, amebadilisha laini. Sasa tazama. Gusa namba, ushikilie. Unaona neno 'Zuia'? Gusa hapo. Basi, kwa namba hiyo hakupati tena. Akija na nyingine, unazuia na hiyo, unaiandika. Daftari hili tutalipeleka kwetu ofisini, kisha polisi. Kusumbua watu kwa simu ni kosa."

Kisha kidole chake kikasimama.

"Na hii je? Imepiga mara moja tu. Jumapili jioni."

"Alisema, 'Mama, ni mimi.'"

"Wewe ukasemaje?"

 Mama Fundi alichomeka sindano kwenye kitambaa, taratibu.

"Jumapili ndiyo siku yake," alisema mwishowe. "Nimemfukuza mwanangu kwa mdomo wangu mwenyewe."

Walipiga namba ile. Akapokea dereva wa lori.

"Ndiyo, nilimwazima simu yangu yule binti wa jikoni. Alilia siku ile. Mimi sasa niko safarini, nitarudi kambini baada ya wiki mbili."

Mama akamsimulia kisa cha yule msumbufu, na Dada wa Laini akamnong'oneza: "Mwambie amwambie binti atume ujumbe kwanza, wenye neno mnalolijua nyinyi wawili. Ndipo apige."

"Mwambie," mama alisema, "aandike 'Bobini'."

Hilo lilikuwa jina la utani la binti utotoni. Alipenda kuiba bobini za cherehani, vile vigurudumu vya uzi, akavingirisha uzi nyumba nzima.

Mume alichukua kopo la rangi, akafuta namba mlangoni. Akaandika ya laini mpya, ya wateja tu, inayozimwa duka likifungwa. Yule mtu alipiga kwa namba ya tatu. Mama hakumjibu. Aliandika, akazuia, na daftari likafika kwenye kampuni na polisi. Simu zake zikakoma.

Nyumba ikapata amani. Lakini amani bila mtoto haikumshibisha Mama Fundi. Jumapili ya kwanza ikapita, na ya pili.

Jumapili ya tatu, ujumbe ukaingia: "Bobini." Kisha simu ikalia.

"Mama?" Sauti ilikuwa na woga.

"Mwanangu, yale matusi hayakuwa yako. Nisamehe."

"Najua, mama. Dereva ameniambia. Lakini uliyajulia wapi?"

"Hata mimi nataka kujua," alidakia baba, aliyekuwa akishona viatu kando yake.

Mama alicheka huku machozi yanamtoka.

"Sema tena, mwanangu."

"Niseme nini?"

"Kama ulivyosema siku ile."



"Mama, ni mimi."

Safari hii mama alisikiliza mpaka mwisho.