Majirani wa Trei za Mayai

Familia ya mwisho ilikuwa tayari iko hewani. Kibebakaya, chombo kipana mfano wa sinia, kilikuwa kimewachukua akina Semkiwa kutoka juu ya paa lao, baba, mama na watoto, na sasa kilipanda taratibu bila moshi wala kelele. Mtoto mdogo alikuwa bado anapunga mkono. Kila kaya iliruhusiwa furushi moja tu, kwa hiyo huku chini vilibaki magodoro, masufuria, madekio, mapazia, na jogoo mmoja asiyejua la kufanya.

Walikuwa wanakwenda Mji wa Juu, mji uliotundikwa angani ambako joto la pwani halifiki. Mtaa wa Ghorofani, jengo moja refu hapo Tanga, ukabaki na watu wawili: Mzee Shemdoe, aliyekuwa fundi wa majokofu, na Bi Mwantumu, mshonaji, jirani yake wa ukuta kwa ukuta.

"Haya, wamekwenda," alisema Bi Mwantumu. "Na wewe mbona hukupanda? Unaogopa kizunguzungu?"

"Namsubiri Salha."

Salha alikuwa binti yake, fundi mitambo katika sayari ya Mirihi. Alikuwa ameahidi kurudi nyumbani vuli ikianza, na nyumbani kwake ni hapo. Shida ilikuwa kihesabuwatu.

Kihesabuwatu ni mtambo mdogo unaoruka, umbo lake bakuli lililofunikwa. Kila asubuhi kilipita madirishani kikitazama mambo mawili tu, umbo la mtu na joto la mwili. Mtaa wenye kaya chini ya kumi ulikatiwa maji na umeme, na njia ya vyombo vyake vya anga ikafutwa. Njia ikifutwa, Salha hatakuwa na pa kutua.

"Kumi tu?" Bi Mwantumu akacheka. "Basi niletee trei za mayai."

Bibi huyu ndiye aliyekuwa mama wa Halowini pale mtaani. Watoto waliipenda mno ile sikukuu ya kutishana, na kila Oktoba yeye aliwatengenezea mazimwi kwa vitu vilivyotupwa majumbani. Trei za mayai zikilowekwa na kupondwa pamoja na uji wa unga zilitoa nyuso. Dekio lilikuwa nywele, sifongo ya godoro mabega, makopo yaliyokatwa yakawa meno. Safari hii alifanya vilevile, ila meno hakuweka. Aliwavisha kanzu na madira yaliyoachwa, akawakalisha madirishani. Shemdoe naye akaweka chini ya kila kiti chungu cha makaa yaliyofukiwa majivuni, joto likapanda polepole kiasi cha mwili wa mtu.

Kihesabuwatu kilipita, kikasita, kikaenda zake. Maji yakaendelea kutoka.

Basi wakaishi hivyo. Bi Mwantumu aliwapa majina, akawagombanisha, akawapatanisha.

"Yule wa ghorofa ya tatu anaringa," alisema siku moja.

"Ana nini cha kuringia? Kichwa chenyewe karatasi."

"Afadhali yake, cha kwake kimejaa. Hebu kamtazame makaa yake, usije ukamtia baridi mtoto wa watu."

Shemdoe alicheka, lakini ngazini aligundua kwamba siku hizi anapiga hodi kabla ya kuingia, na tena anangoja kidogo.

Kabla vuli haijaanza, Bi Mwantumu alifariki. Shemdoe alimkuta kitini mchana, sindano mkononi. Hapakuwa na mwanamke wa kumwosha, kwa hiyo Shemdoe alijifunga kitambaa mikononi akamtayamamisha kwa vumbi safi badala ya maji, kama alivyofundishwa chuo cha Kurani utotoni. Alimchimbia kaburi nyuma ya jengo, akamswalia peke yake, akamzika.

Sasa, nyumba iliyofiwa haiwashi jiko. Majirani ndio huleta chakula mpaka matanga yaishe. Shemdoe alizima jiko lake, kisha akasimama akafikiri. Wale wote madirishani walikuwa watu wa Bi Mwantumu. Yeye ndiye aliyewafinyanga, akawavisha, akawapa majina. Wamefiwa kuliko hata yeye. Akapita mlango kwa mlango akimwagia makaa maji. Kihesabuwatu hakukikumbuka kabisa.

Akatandika mkeka chini akakaa. Alijua hakuna atakayeleta chakula. Hata hivyo, adhuhuri alijikuta anatazama ngazi.

Asubuhi mtambo ulipita. Uliona watu wameketi madirishani, hawajongei, wote baridi. Matanga haukufundishwa. Tauni ulifundishwa.

"Mtaa una maradhi," ulitangaza. "Wakazi wamefariki. Asiingie mtu, asitoke mtu."

Uzio wa mwanga ukashuka pande zote.

"Matambara haya!" Shemdoe alipiga kelele, akaung'oa uso mmoja akauinua. "Tazama! Trei ya mayai!"

Mtambo ulirudi nyuma kidogo, ukaripoti kwamba mkazi mmoja aliyesalia amerukwa na akili kwa homa.

Salha alifika na mvua za kwanza. Chombo chake kiliteremshwa mbali, akaja kusimama nje ya uzio.

"Baba, shikamoo. Wanasema mtaa mzima umekufa. Ni akina nani?"

"Marahaba, mwanangu. Hakuna watu. Mimi na Bi Mwantumu tuliwatengeneza, ili njia isifutwe. Ili upate pa kutua."

Salha aliinua macho akazitazama nyuso madirishani.

"Ningetua Korogwe, baba," akasema. "Ningekuja kwa miguu. Mbona hukuniuliza?"



Uzio ulidumu zaidi ya mwaka. Salha alilalamika katika kila ofisi, likizo yake ikaisha, akarudi Mirihi, akaolewa huko. Akina Semkiwa wapo Mji wa Juu, na yule mtoto mdogo ameanza shule. Kihesabuwatu kilipelekwa mtaa mwingine. Mzee Shemdoe alikufa kwa kifua uzio ukiwa bado umeshuka, na mitambo ya mazishi ikamzika nyuma ya jengo. Jengo lilibomolewa kiangazi kilichofuata.